Mama kavuliwa mtandio mbele ya watu na simu ikapekuliwa uwanja wa ndege, sheria inasemaje?

BintiMakorora

Habari za leo wana jamvi. Naombeni mnisaidie kwa hili maana linaniuma na nimeshindwa kulinyamazia. Mwezi uliopita nilisafiri na bi mkubwa wangu, ana miaka 68, tulikuwa tunaenda Muscat kwa kaka. Uwanja wenyewe siutaji, shida yangu sio kuuchafulia mtu jina, nataka tu kuelewa haki zetu.

Tumefika kwenye ukaguzi, mikoba tumeweka kwenye mkanda, viatu tumevua, mama kapita kwenye lile geti likalia. Hapo bado sina neno, mashine ikilia lazima waangalie. Sasa yule dada wa ukaguzi akamwambia palepale, foleni nzima iko nyuma yetu na wanaume wamejaa, mama vua huo mtandio. Mama akauliza kwa upole kama kuna chumba cha pembeni, akajibiwa muda huo haupo, ndege inaondoka. Akavua. Mama yangu tangu nimepata akili sijawahi kumwona kichwa wazi mbele ya mwanaume asiye maharimu wake. Alishika zile pini za mtandio mkononi anatetemeka mpaka moja ikadondoka, nikainama kuitafuta chini na nikachelewa kuinuka makusudi, sikutaka kumwangalia usoni. Na kumbe kilicholia ni hizo hizo pini.

Haikuishia hapo. Wakampangusa viganja na kile kitambaa cha kupima, mashine ikalia, basi ikawa habari nyingine. Kijana mmoja akachukua simu ya mama akamwambia aifungue, mama wa watu akafungua, yule kijana akaanza kupitia picha, humo kuna picha za harusi ya mdogo wangu za ukumbi wa wanawake, watu hawajajisitiri, akazipitia moja moja afu akaingia na wasap. Baadaye akarudisha simu, akasema haya mama safari njema. Hakuna aliyetuambia kilitafutwa nini.

Naomba kujua, ni sheria gani inawapa ruhusa ya kutukagua na inaishia wapi? Au ukishanunua tiketi ndo umekubali kila kitu? Na simu nayo imo? Nauliza kwa haraka kwa sababu mwezi wa kumi na mbili mama anatakiwa aende Columbus, Ohio, mdogo wangu anajifungua mtoto wa kwanza na mimi ndo nitampeleka, ila mama sasa hivi anasema haendi popote tena kwa ndege.

NilikaaMashineni

Pole sana dada, na mpe mama pole yangu. Hii kazi nimeifanya miaka tisa, sasa hivi nina duka la vifaa vya umeme, kwahiyo naongea bila kuogopa mtu.

Kwanza nikueleze mkaguzi anaona nini, labda itakupunguzia maswali. Kwenye skrini ya eksirei vitu havionekani kama vilivyo, vinaonekana kwa rangi. Chakula, nguo, sabuni, karatasi, vyote vinatoka rangi ya machungwa, chuma kinatoka bluu, mchanganyiko unatoka kijani. Sasa tatizo ni kwamba vilipuzi vingi navyo vinatoka machungwa hiyohiyo. Bakuli la halua la mtu anayetoka Zanzibar likikaa karibu na chaja na nyaya zake, kwenye skrini linatisha, lazima ufungue begi. Na mashine nyingi zina mtego, zinakuletea picha ya bunduki au bomu la uongo ndani ya begi la abiria ili waone kama mkaguzi yuko macho. Ukikosa inaandikwa. So mkaguzi anakaa pale na presha kuliko mnavyodhani.

Kile kitambaa cha viganja kinatafuta chembechembe za vilipuzi, ila kinadanganyika. Mafuta ya kujipaka yenye glisirini yanaweza kuifanya mashine ilie, mbolea pia, hata zile dawa za moyo za kuweka chini ya ulimi. Muulize mama asubuhi ile alijipaka nini. Ikilia, tulivyofundishwa sisi ni kurudia kipimo, kumpapasa mtu vizuri zaidi, kufungua begi lake kitu kimoja kimoja na kumwita msimamizi. Hiyo ndo njia.

Kwenye mtandio walikosea, nakwambia wazi. Mwanamke anapapaswa na mwanamke, juu ya nguo, na kama kuna haja ya kufunua basi ni faragha na wanawake wawili wawepo ili mmoja awe shahidi. Kama chumba hakuna, pazia lipo. Dakika mbili tu. Na simu, tulichofundishwa ni kumwomba mtu aiwashe ionekane kweli ni simu na sio ganda lililojazwa kitu. Ikiwaka kazi yako imeisha, unamrudishia. Picha hazilipuki. Huyo kijana alikuwa anatafuta kitu ambacho mashine haikumtuma.

KakaTegeta

Mimi nitaongea tofauti kidogo msinichukie. 7 Agosti 1998 nilikuwa Dar, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, nilikuwa dogo lakini ule mshindo mpaka leo nikisikia tairi limepasuka moyo unashtuka. Siku hiyohiyo Nairobi nako watu zaidi ya 200 walikufa, wengi wao Wakenya wa kawaida tu walikuwa kazini au wanapita barabarani. Watu wanaotaka kuua hawaji na bango kifuani. Mimi nikipanda ndege na wanangu nataka kila mtu akaguliwe, mzee, bibi, shehe, padri, bila ubaguzi. Kuaibika kunapita dada yangu. Nampa mama pole ila wakaguzi tusiwafunge mikono.

WakiliWaKijiweni

Nimesoma yote. Kaka wa Tegeta nakuheshimu na hiyo siku naikumbuka, lakini soma tena alichoandika dada. Mama yake hakukataa kukaguliwa. Aliomba akaguliwe chumbani. Ile pini ingeonekana chumbani vilevile, na ndege ingekuwa salama vilevile. Hapo ndipo sheria yenyewe ilipo, naomba mnivumilie nieleze kwa urefu.

Mzizi wa ukaguzi wote mnaouona ni Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, ulisainiwa tarehe 7 Desemba 1944, huo ndo ulioanzisha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Mkataba una viambatisho, na cha 17 ndicho kinahusu usalama dhidi ya watu wenye nia mbaya, kilipitishwa 1974 baada ya wimbi la utekaji nyara wa ndege. Kinazitaka nchi wanachama zihakikishe abiria na mizigo yao ya mkononi wanakaguliwa kabla ya kupanda ndege ya biashara. Sasa watu wengi wanachanganya hapa. Kiambatisho hicho kinaifunga nchi, sio wewe. Mkaguzi hawezi kukuonyesha Mkataba wa Chicago akasema ndo unampa ruhusa ya kukushika. Ruhusa yake inatoka kwenye sheria ya nchi, kwetu Tanzania ni Sheria ya Usafiri wa Anga na kanuni zake za usalama zinazosimamiwa na TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Na sheria ya nchi iko chini ya Katiba. Ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake binafsi. Ibara hiyohiyo kwenye ibara ndogo ya pili inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo inaweza kuingiliwa. Rudia maneno hayo matatu kichwani, hali, namna na kiasi. Hali, mashine imelia, sawa waangalie. Namna, mbele ya foleni ya wanaume wakati mtu ameomba faragha, hapo tayari tuna tatizo. Kiasi, kuingia wasap ya bibi wa miaka 68 kwa sababu ya pini na mafuta ya mkononi, hiyo imevuka.

Wakenya wenzetu Katiba yao ya 2010 imeandika wazi zaidi, ibara ya 31 inasema haki ya faragha ni pamoja na kutopekuliwa mwili, nyumba au mali, na mawasiliano yako kutoingiliwa. Lakini hata wao pale JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, wanakaguliwa kila siku, kwa sababu ibara ya 24 inaruhusu haki ipunguzwe kwa sheria pale inapokuwa ni jambo la busara, na inataka pia iangaliwe kama kuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile. Chumba cha pembeni ndo njia nyepesi zaidi. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakuandikia hilo.

Umeuliza kama kununua tiketi ni kukubali kila kitu. Jibu langu ni hapana. Kuna kesi ya Gillan na Quinton, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Januari 2010, ilihusu polisi wa Uingereza kusimamisha na kupekua watu mtaani. Serikali ikasema mbona watu uwanja wa ndege wanapekuliwa na hawalalamiki. Mahakama ikajibu ni vitu viwili tofauti, msafiri anajua mapema kwamba atakaguliwa, anaweza kuacha vitu vyake nyumbani na anaweza kugeuka akaondoka. Nakubaliana nao nusu. Mama aliyekaa bila kumwona mwanae anayeishi Muscat, huko hakuna basi la kumfikisha, ukimwambia yuko huru kugeuka unamwonea. Kwahiyo mimi sipendi kabisa hii hoja ya ridhaa. Ukaguzi unasimama kwa sababu sheria imeuruhusu kwa kazi moja, kuzuia silaha na vilipuzi visiingie kwenye ndege, na ukitoka nje ya kazi hiyo unakosa miguu ya kusimamia.

Simu sasa. Mkaguzi wa usalama sio polisi. Polisi wenyewe wakitaka kuingia kwenye simu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataka mkuu wa kituo au ofisa wa ngazi kama yake aridhike kwamba kuna sababu za msingi, ndo atoe amri. Mkuu wa kituo anatakiwa aridhike kwanza, afu kijana wa mkandani anajipitishia tu? Na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na kuna Tume yake ya kupokea malalamiko. Dada, andika barua. Tarehe, saa, namba ya ndege, geti la ukaguzi, yule dada alivaa sare gani na yule kijana alivaa sare gani. Hilo la sare ni muhimu mno kwa sababu pale kuna watu wa usalama wa uwanja, uhamiaji, forodha na polisi, kila mmoja ana sheria yake na wengi wanawaona wote ni kitu kimoja. Nakala moja kwa mwenye uwanja, moja TCAA, na ile ya simu peleka Tume.

MamaZawadi_OH

Dada Makorora mimi niko hapahapa Columbus, njoo na mama usiogope. Navaa hijabu, nasafiri mara tatu nne kwa mwaka, ngoja nikwambie ya huku.

Huku ukaguzi wa kila abiria ulianza Januari 1973, nao walichoka na ndege kutekwa, na TSA, yaani idara ya serikali ya Marekani inayokagua abiria, ikaundwa Novemba 2001 baada ya yale mashambulizi ya Septemba 11. Sheria inamtaka shirika la ndege amkatalie safari mtu anayekataa kukaguliwa. Ila wahi kujua kitu kimoja, ukishaanza ukaguzi huwezi kusema basi nimeghairi naondoka. Kuna kesi ya Aukai, jamaa wa Honolulu, alishapita geti bila shida, hana kitambulisho so wakamtoa pembeni, kile kifimbo cha mkononi cha kutafuta chuma kikalia mfukoni, akasema mimi nataka kutoka. Mahakama ya rufaa mwaka 2007 ikasema ridhaa yako haihitajiki, ukishaingia umeingia.

Lakini mahakama hizohizo tangu 1973 kwenye kesi ya Davis zinasema ukaguzi usiwe mkubwa kuliko unavyohitajika kupata silaha au vilipuzi na ubaki kwenye kazi hiyo tu kwa nia njema. Na kuna kesi ya hapahapa kwetu uwanja wa Columbus, watu wengi hawaijui, ya Fofana. Mkaguzi alikuwa anafungua begi akakuta bahasha, akazifungua wakati hadhani kuna bomu humo, akakuta pasipoti zenye majina tofauti. Jaji mwaka 2009 akasema ushahidi huo hautumiki, kwa sababu kazi ya mkaguzi ilishaisha kabla hajafungua bahasha. Mimi niliposoma hiyo nilikaa chini. Huyo mtu alikutwa na pasipoti kweli na bado mahakama ikasema mpaka ni mpaka.

Kwa mama sasa. Aseme tu anataka chumba cha faragha, wanatakiwa wampe, mkaguzi awe mwanamke na wewe unaruhusiwa kuingia naye. Mtandio ukileta shida anaweza kuomba ajipapase mwenyewe juu ya mtandio afu wampime viganja. Zile skana za kuingia ukanyanyua mikono wasikutishe, zamani zilikuwa zinaonyesha umbo la mtu kweli, Bunge lao likapitisha sheria 2012 zikabadilishwa, zilizoshindwa kubadilishwa zikaondolewa 2013. Siku hizi unaona kikatuni tu, kile cha watu wote, na kimraba cha njano pale panapotakiwa kuangaliwa. Ukigeuka na wewe unakiona.

Simu ndo ujue tofauti. TSA hawaingii ndani ya simu. Ila mkishuka ndege ya kwanza mkiingia Marekani mnakutana na watu wa mpakani, CBP, hao wana mamlaka tofauti kabisa, wanaweza kuomba kuangalia simu, na mgeni mwenye viza akikataa wanaweza kumrudisha. Mimi mama yangu alipokuja nilimwambia aje na simu ndogo, picha za familia ziko kwangu huku. Na mkishamaliza hapo mnachukua mabegi na mnakaguliwa upya na TSA kabla ya ndege ya Columbus, msishangae mkadhani mna kosa.

Mzalendo_Antwerp

Naongezea ya Ulaya kwa ufupi maana huenda mkabadilisha ndege huku. Skana za mwili zilienea baada ya yule kijana aliyepanda ndege Amsterdam kwenda Detroit Krismasi ya 2009 na kilipuzi kwenye chupi. Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni mwaka 2011, abiria anaweza kukataa skana akapapaswa badala yake, picha haihifadhiwi, na zile za eksirei hazikuruhusiwa. Mama akiona hataki kuingia kwenye kile kibanda aseme tu.

Na nina kisa nakipenda sana kuhusu sheria za siri. Mwaka 2005 abiria mmoja uwanja wa Vienna alizuiwa kwa sababu ya raketi za tenisi kwenye begi la mkononi, akapanda nazo hivyohivyo, wakamshusha. Akauliza raketi imekatazwa wapi? Kumbe orodha ya vitu vilivyokatazwa ilikuwa kwenye kiambatisho ambacho Ulaya haijawahi kukichapisha. Kesi ikafika Luxembourg, kwenye mahakama ya Umoja wa Ulaya, mwaka 2009 ikasema sheria ambayo mwananchi hajaonyeshwa haiwezi kumfunga. Sasa ukiniambia utaratibu wa ukaguzi ni siri, naelewa kuficha namna mashine inavyofanya kazi. Ila haki ya mama kuomba chumba sio siri ya kuficha, ibandikwe ukutani pale kwa Kiswahili, herufi kubwa.

KakaTegeta

Nimesoma ya wakili. Hoja ya pini chumbani nimeikubali, sikuiona hivyo. Simu pia, mke wangu ningemwona anafanyiwa vile nisingekaa kimya. Ukaguzi bado nautaka.

BintiMakorora

Nashukuru sana ndugu zangu, kila mmoja wenu. Nimemuuliza mama alijipaka nini siku ile, akanijibu si glisirini ile ya duka la kwa Shomari, mimi huwa najipaka mikono kila alfajiri nikishatawadha. Nikakaa kimya. Yaani dada wa watu pale mashineni angeuliza swali hilo moja tu.

Barua nimeandika, nimeweka tarehe, saa na namba ya ndege. Sare nilikuwa sikumbuki, mama ndo anakumbuka, anasema yule kijana alikuwa na shati jeupe na dada alikuwa na sweta ya bluu, kumbe muda wote ule alikuwa anawaangalia. Nakala tatu nimezipeleka kama wakili alivyosema na ile ya mwenye uwanja wamenigongea muhuri wa kupokea.

Jana usiku nilimsomea ya Mama Zawadi mpaka mwisho. Akaniuliza, huko kwenye chumba una hakika wewe utaingia na mimi? Nikamwambia ndiyo mama. Akauliza tena na mwanamke ndo atanishika? Nikamwambia ndiyo. Leo asubuhi nimekuta pasipoti yake juu ya meza, kaitoa kabatini mwenyewe.